Tochi ya kichwani imenizimikia juu ya Barafu, betri mpya kabisa. Nini kilitokea, na ninunue ipi?

#1 MpandaNgazi
Wakuu, salaam. Mwezi wa pili nimepanda Kilimanjaro kwa njia ya Machame. Usiku wa kileleni tulitoka kambi ya Barafu (mita 4,673) saa sita kasoro. Kichwani nina tochi ya Kariakoo, elfu kumi na tano, boksi limeandikwa lumeni 1,200 (kipimo cha wingi wa mwanga). Inakula betri tatu ndogo, hizi za rimoti. Betri mpya, nimechana pakiti siku tunapita geti la Machame.

Saa nane na dakika zake, giza. Haikufifia. Ilizima kama mtu amekata umeme. Nabonyeza, wapi. Naipiga kofi, wapi. Mwongozaji msaidizi akanivalisha ya kwake, yeye akapanda nyuma yangu mpaka Stella Point akikanyaga pale mwanga wangu unapoangukia. Uhuru nimefika, namshukuru Mungu na yule kijana.

Sasa kinachoniuma: kesho yake asubuhi kambi ya Mweka natafuta soksi kwenye begi, mkono ukagusa swichi, tochi ikawaka! Betri zilezile. Mpaka leo naandika hapa inawaka.

Nini kilitokea? Na Julai naenda Meru (mita 4,655), ninunue ipi isiyonifanyia hivi? Mfuko hauzidi laki na nusu.

#2 Kiboko_wa_Giza
Nimewahi siti ya mbele. Wazee wa mlima njooni.

#3 Babu_Marangu
Baridi hiyo, kijana, wala usitafute mchawi. Mimi nimeongoza wageni zaidi ya miaka ishirini, kila msimu naona mtu analia na tochi kati ya saa saba na saa tisa usiku. Hizi betri za kawaida ndani zina majimaji. Baridi ikishakamata, yale majimaji yanakuwa mazito kazini, umeme unabaki mle ndani lakini hautoki. Ukishuka kwenye joto, betri inafufuka. Ndicho kilichokupata Mweka.

Dawa yake: usiku ule lala na betri ndani ya begi la kulalia, zichomeke dakika ya mwisho ukitoka hemani. Na ununue zile za lithiamu za kutumia na kutupa, hazina maji ndani, watengenezaji wanaziruhusu mpaka nyuzi 40 chini ya sifuri. Tena ni nyepesi. Bei ni kali, lakini unaenda kileleni mara ngapi maishani?

#4 Mgumu_Mstaafu
Shikamoo mzee @Babu_Marangu. Nakuheshimu ila hapo nakataa kidogo. Mimi nilikuwa mgumu (mpagazi wa mlimani) misimu sita kabla mgongo haujagoma. Tochi yangu ilikuwa hiyohiyo ya elfu kumi na tano, betri za dukani hapo Moshi stendi, si lithiamu wala nini. Nimetoka nayo Barafu nikisindikiza wageni mara sijui ngapi, inafika asubuhi.

Tofauti ni moja. Sisi hatuwashi mwanga mkubwa. Unaweka ule wa chini kabisa, unaona buti la mtu wa mbele, basi. Ule mlima usiku ni foleni, unaona taa zinapanda kama nyoka mpaka unachanganya na nyota. Unataka kumulika wapi? @MpandaNgazi sema ukweli, ulikuwa umewasha full?

#5 MpandaNgazi
@Mgumu_Mstaafu full, tangu nafunga kamba za viatu hemani. Nilikuwa naogopa, sikufichi.

#6 FundiRedio_Tandika
Wote mmepatia nusu. Tuanze na boksi. Lumeni 1,200 zinataka karibu wati 10. Betri tatu za rimoti ukizikamua wati 10 zinakata roho muda si mrefu, wala hazikubali kutoa moto huo. Kwa hiyo hiyo namba ni ya kuuzia. Tochi ya namna hiyo ikitoa lumeni 150 za kweli ishukuru.

Sasa jambo la pili, na hapa @Babu_Marangu anisamehe. Betri ikizidiwa na baridi kwenye tochi ya bei rahisi, mwanga UNAFIFIA. Unakuwa wa njano, unakuwa kama kibatari, ndipo unakufa. Kwa nini? Hizo hazina saketi ya kusawazisha, taa imeunganishwa na betri karibu moja kwa moja. Zenye saketi nzuri ndizo zinazoshikilia mwanga uleule halafu zinadondoka ghafla. Mleta mada anasema imezima kama umeme wa mgao. Kwangu mimi hiyo ni springi haijagusa. Nimefungua nyingi hapa mezani: springi laini, bati jembamba, ukitikisa kichwa inaachia. Ukiweka kwenye begi ikagongwa na kopo la maji, inarudi kugusa. Kofi alilopiga alipiga upande usio wake tu.

#7 Mama_Wawili_Ubungo
Samahani wataalamu. Mleta mada, kwako kuna watoto?

#8 MpandaNgazi
Wapo wawili dada. Kwani vipi?

#9 Mama_Wawili_Ubungo
Na rimoti ya king'amuzi inafanya kazi vizuri siku hizi? 😂 Mimi mume wangu alienda kambi Lushoto na "betri mpya". Mtoto alikuwa ameshabadilisha, kaweka zile za rimoti kwenye pakiti, kafunga na selotepu vizuri. Changanya betri moja chovu na mbili mpya uone: ile chovu ndiyo inayoamua lini mtazima.

#10 MpandaNgazi
Pakiti nimeichana mwenyewe getini. Ila… sasa umenitia mashaka. Sikumbuki kama ilikuwa ngumu kuchana.

#11 Kiboko_wa_Giza
😂😂😂 Uzi umeshakuwa wa upelelezi.

#12 NanyukiBoy
Habari zenu majirani. Huku kwetu Mount Kenya tunaondoka kambi ya Shipton's saa tisa usiku kwenda Point Lenana (4,985 m), baridi ni ileile. Mimi torchi yangu ilizima pia, na nikajua sababu hapo hapo: jaketi. Nilikuwa nimevuta kofia ya jaketi juu ya torchi juu upepo ulikuwa mwingi, ile kofia ikafinya swichi. Ukifinya sekunde kadhaa inajifunga ili isiwake kwenye begi. Mimi nafinya kawaida nikidhani imekufa, kumbe imejifunga tu. Mpaka niifinye tena muda mrefu ndio ifunguke. Ndugu, yako iko na hiyo kitu ya kujifunga?

Na Meru ni 4,566. Hiyo 4,655 umegeuza namba.

#13 MpandaNgazi
Asante kwa sahihisho. Swichi yangu ina mizunguko mitano: mkubwa, wa kati, mdogo, kumetameta, na nyekundu ukishikilia. Kujifunga sijui, karatasi ya maelezo ilikuwa ya Kichina tupu. Kofia ya jaketi nilikuwa nimevuta, ndiyo. Hewa ilikuwa ya kukata masikio.

#14 Babu_Marangu
Marahaba @Mgumu_Mstaafu. Kuhusu kuweka mwanga wa chini upo sahihi na nilipaswa kulisema mimi. Mgeni wa kwanza kupotea njia ni mwenye taa kali: anaona duara jeupe miguuni na nje yake ukuta mweusi. Tena anawapofusha wenzake kila akigeuka kuuliza "bado mbali?"

Ila @FundiRedio_Tandika, mimi nimeziona zinazima ghafla kwa baridi kwa macho yangu, na ukiipasha kwapani dakika kumi inawaka. Springi inapashwa kwapani?

#15 FundiRedio_Tandika
Babu, ukiitoa kichwani, ukaigeuza, ukaiingiza kwapani, ukaitoa, hiyo yote ni kuitikisa. Sisemi zaidi.

#16 mpimaji_taa
Nimesoma uzi wote, niongeze kwa anayetaka kununua, maana lile swali la pili mnalikimbia.

Kuna kipimo kinaitwa FL1, kilitoka Marekani mwaka 2009, tochi za kampuni zinazojiheshimu huweka alama zake kwenye boksi. Lakini lazima ujue wanachopima. Lumeni inasomwa sekunde 30 baada ya kuwasha, hapo betri ni mbichi. Umbali ni mahali ambapo mwanga umebaki luksi 0.25, yaani kama mbalamwezi ya mwezi mpevu. Huko hujui kama unaona jiwe au mbogo. Na zile "saa 100" zinahesabiwa mpaka mwanga ushuke hadi asilimia 10 ya ulipoanzia. Umenunua ya lumeni 300, saa za mwisho unatembea na 30. Si uongo, ila wewe ulisoma kitu kingine.

Pia mtu akikwambia lumeni mara mbili inamulika mbali mara mbili, mkatalie. Kumulika mbali mara mbili kunataka ukali mara nne, na inategemea kioo kimekusanya mwanga au kimeutawanya.

Kwa Meru: kutoka Saddle Hut (3,570) mpaka Rhino Point na kuendelea kuna miamba ya kushikilia kwa mikono. Hapo mwanga mpana wa karibu unakufaa kuliko mshale wa mbali. Lumeni 200 mpaka 300 za kweli zinatosha, na utatumia 40 au 50 muda mwingi.

#17 Bi_Wete
Miye si wa milima, ni wa Pemba, lakini taa ya kichwani naijua. Bamvua la usiku, maji yakitoka, twaenda miambani kutafuta pweza na kaa. Zamani karabai, sasa kila mtu na taa yake kichwani, mikono yote miwili ina kazi.

Nitakuambieni kitu kimoja ambacho hamjakitaja. Taa ikikaa kwenye kipaji, maji yakawa na mawimbi madogo, mwanga unagonga juu ya maji unarudi machoni. Hamwoni kitu. Basi twaivua, twaishika mkononi, chini, ubavuni. Pweza unamwona shimoni na jicho lake. Nadhani na ukungu ni vivyo hivyo.

Na chumvi. Taa yoyote ya pwani ukirudi ioshe kwa maji baridi ya bomba, ifungue, ianike. Nimetupa tatu, ndani zimeota kutu ya kijani kwenye vile vibati. Tatu! Na zote boksi limeandikwa "haipitishi maji".

#18 Mgumu_Mstaafu
@Bi_Wete umesema kweli kabisa kuhusu ukungu. Na juu kule hata pumzi yako mwenyewe ni ukungu. Unahema, mvuke unatoka puani, unapita mbele ya taa, unaona pazia jeupe. Ukihema tena, pazia tena. Wageni wanafikiri macho yameharibika kwa urefu wa mlima. Unateremsha taa shingoni kama mkufu, pazia linaondoka.

#19 mpimaji_taa
@Bi_Wete hilo la maji lina herufi zake. IPX4 ni kurushiwa maji tu, mvua. IPX7 ndiyo inazama mita moja kwa nusu saa. Ukikuta "haipitishi maji" bila namba, usiende nayo pwani. Ila chumvi haimo kwenye hicho kipimo, hapo kuosha kwako ndiyo dawa.

#20 Maskati_Mzanzibari
Nawasalimu kutoka Omani. Huku kwetu shida si baridi, ni joto: ukiacha taa ya kuchaji garini kiangazi umeiua betri. Kambi zetu ni za majangwani na kwenye mabonde, adui ni nge. Nimechukua taa ndogo ya mwanga wa urujuani, ukiwasha usiku nge anang'aa kijani kama kalamu ya kupigia mstari. Kabla ya kutandika jamvi nazunguka mara moja. Mke wangu alicheka mpaka siku tulipomkuta mmoja chini ya deli la maji.

#21 Kiboko_wa_Giza
Omani nimeifuta kwenye orodha. Na ile taa nyekundu inasaidia nini hasa? Yangu inayo, natumia kumtisha mdogo wangu.

#22 mpimaji_taa
Jicho likizoea giza linachukua kama nusu saa kufika mahali pazuri. Taa nyeupe sekunde mbili, umeanza upya. Nyekundu hafifu haivurugi sana. Wadudu nao hawaifuati kama nyeupe, kwa hiyo chakula cha jioni unakula bila kumbikumbi.

#23 Dereva_Seronera
Nyekundu ina mitego yake. Mpishi wetu alijikata kidole anamenya viazi kwa taa nyekundu, hakuona damu. Nyekundu juu ya nyekundu haionekani. Alijua alipoona viazi vinateleza. Na ramani zenye mistari ya kahawia, mistari yote inapotea.

Mimi nalala kambi za Serengeti zisizo na uzio, na huko nitakwambia kwa nini ya kichwani inaishinda ya mkononi. Macho ya mnyama yanarudisha mwanga palepale ulipotoka. Taa ikiwa karibu na macho yako, unayaona yanawaka. Ukishika tochi kiunoni, mwanga unarudi kiunoni, wewe unaona giza unajiamini. Kabla sijafungua zipu yote ya hema kwenda chooni natoa kichwa, nazungusha taratibu kulia mpaka kushoto. Macho yakiwa mengi na yanainama inama, ni swala wanakula. Macho mawili yanayokuangalia yakatulia… unarudi ndani, choo kitasubiri.

#24 Mama_Wawili_Ubungo
Ndiyo maana sisi kambi yetu ni Lushoto.

#25 NanyukiBoy
@Dereva_Seronera na hizo nukta ndogo za kijani kwenye nyasi, kama umande? Nilikuwa nadhani ni maji.

#26 Dereva_Seronera
Buibui. Kila nukta ni buibui anakutazama. Pole.

#27 NanyukiBoy
Ningekaa bila kujua.

#28 FundiRedio_Tandika
Turudi kwenye kununua. Anayetaka ya kuchaji, jihadhari na zile betri nene za 18650 (jina ni kipimo, unene milimita 18, urefu 65). Ukiona imeandikwa mAh 9,900 (mAh ni kipimo cha umeme inaobeba) kimbia. Betri halisi ya saizi hiyo haifiki hata nusu ya hiyo. Juzi mteja kaniletea, nikaipima kwa sonara jirani: gramu 24. Halisi inacheza kwenye 45 na kidogo. Nikaichana kwa tahadhari, ndani kuna kibetri kama kidole cha mtoto, nafasi iliyobaki imejazwa unga mweupe. Mteja akauliza "ni sumu?" Nikamwambia sumu ni bei uliyolipa.

#29 Babu_Marangu
Na hizo za kuchaji msizichaji Barafu mkiwa kwenye ganda la barafu. Nimewaona vijana wanachomeka kwenye pawabenki alfajiri, betri imeganda. Kuchaji chini ya sifuri kunaiharibu ndani moja kwa moja, hata kama inaonyesha imejaa. Ipashe kwanza.

#30 Mgumu_Mstaafu
Wa Moshi tuna njia fupi: wageni wakishuka wengi wanaacha vitu kwa wapagazi. Ulizia pale mjini, utapata ya kampuni ya maana, imetumika usiku mmoja tu. Yangu ya sasa nimeipata elfu sitini. Iangalie kamba (isiwe imelegea), mfuniko wa betri (kidole cha ndani kisiwe kimevunjika), na uiwashe ukiwa umeitikisa. Wanaopenda mpya wanunue mpya.

Na swichi uijaribu ukiwa umevaa glavu. Watu hawajaribu. Usiku ule glavu huvui.

#31 Kiboko_wa_Giza
Nimesikia ukigeuza betri moja kichwa chini haiwezi kujiwasha kwenye begi. Kweli?

#32 FundiRedio_Tandika
Kweli haitawaka, lakini ukisahau ukabonyeza kuna tochi zinaunguza saketi au betri inavuja. Kata kipande cha plastiki cha pakiti ya maziwa, kipenyeze kati ya betri na kibati. Ukifika, chomoa.

#33 MpandaNgazi
Nimerudi na ripoti. Nimeamua kumaliza ubishi. Jumamosi nimenunua betri tatu aina ileile, nimeweka tochi kwenye friza ya nyumbani, full, nafungua kila robo saa kuangalia. Dakika ya 45 imefifia ikawa njano. Saa moja na nusu bado inawaka, kama mshumaa. HAIKUZIMA. Nikaitoa, nikaitikisa kwa nguvu mara ishirini: haikuzima. Nikaivalisha kofia ya jaketi, nikafinya: ikaenda kwenye nyekundu, haikujifunga.

Kwa hiyo si baridi, si springi, si kofia?

#34 Babu_Marangu
Friza ya Dar haina upepo wa Stella, kijana. Na unafungua mlango kila robo saa, hiyo ni baridi gani? Imefifia dakika ya 45 ikiwa imetulia. Wewe ulitembea nayo zaidi ya saa mbili.

#35 FundiRedio_Tandika
Umeitikisa baada ya kuitoa. Bati likiwa la baridi linasinyaa. Itikise ikiwa MLE NDANI. Na kama ilififia nyumbani, mbona mlimani haikufifia? Unaona sasa?

#36 Mama_Wawili_Ubungo
Umewauliza watoto?

#37 MpandaNgazi
Mkubwa kanyamaza. Mdogo kasema "si mimi, ni dada."

#38 Kiboko_wa_Giza
😂😂😂😂

#39 mpimaji_taa
Ushahidi wa mdogo haukubaliki mpaka tuone betri zilizopo kwenye rimoti. Zina chapa gani?

#40 MpandaNgazi
Rimoti imepotea tangu Jumapili. Sifanyi utani.

Kuhusu kununua: nimempata mtu Moshi kupitia @Mgumu_Mstaafu, nachukua iliyotumika, betri tatu ndogo pia, naweka lithiamu. Hii ya Kariakoo inabaki akiba.

#41 Dereva_Seronera
Hapo sawa, mbili kila mara. Lakini hiyo ya akiba ibebe ikiwa na betri zake, usiseme nitahamisha. Kuhamisha betri gizani na vidole vimekufa ganzi, moja inaanguka kwenye changarawe na huioni tena.

#42 MpandaNgazi
Akiba yenyewe kwa sasa haipo mikononi mwangu. Mama watoto alifungua friza, akakuta samaki wanamulikwa. Tangu jana umeme umekatika na yeye ndiye anayo kichwani, anakaanga hao samaki kabla hawajaharibika. Inawaka vizuri kweli.